Muhula mmoja Italia: panga kuanzia siku ya kurudi

Swali: Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usimamizi wa utalii na hoteli katika chuo kikuu cha umma huku Pwani. Nimeteuliwa kwenda kusoma muhula mmoja kaskazini mwa Italia kuanzia Septemba, kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Ofisini wameniambia nitafute pasipoti na nijiandae, basi. Nina miezi saba. Wenzangu wananitisha kwamba nitapoteza mwaka. Kuna bwana mmoja Mombasa anataka shilingi 80,000 anishughulikie viza na chumba. Mama naye anauliza nitakaa na nani na nitakula nini. Nianzie wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam mwanangu, na hongera. Nafasi hizi ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hivyo jina lako kutoka si jambo dogo.

Anzia mwisho. Anzia siku utakayorudi na kuingia darasani na wenzako. Wanafunzi wengi niliowashughulikia hapa Malindi na Kilifi hujiandaa kuondoka tu: pasipoti, tiketi, koti la baridi. Wakirudi mwezi wa tatu wanakuta muhula umefika katikati, alama zao hazijatumwa, na idara inawauliza hizo kozi walizosoma huko zinasimama badala ya nini. Hawa ndio unaowasikia wakisemwa kwamba walipoteza mwaka. Italia haikuwapotezea kitu. Mwaka ulipotea kwenye faili la idara yao wenyewe, na mara nyingi ulishapotea kabla hawajapanda ndege.

Tutazame kalenda kwanza. Vyuo vya Italia hufungua masomo ya muhula wa kwanza katikati au mwishoni mwa Septemba, na madarasa huisha kabla ya Krismasi. Lakini mtihani hauji Desemba kama huku. Kipindi cha mitihani ni Januari na Februari, na kila kozi huwa na tarehe mbili au tatu, kila moja wakiiita appello. Unachagua tarehe yako na kujiandikisha mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Usipojiandikisha, siku hiyo hufanyi mtihani hata ukifika na kalamu mkononi. Huku kwetu nako muhula wa pili kwa kawaida hufunguliwa Januari. Maana yake ni kwamba kuna wiki kadhaa ambazo utatakiwa uwe Italia na uwe darasani Kenya. Tatizo lako kubwa ni hili, na halisemwi mapema kwa sababu kila ofisi inasoma kalenda yake.

Linatatuliwa kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, kabla ya kuchagua kozi yoyote, mwandikie mratibu wa wageni wa chuo cha kule umuulize tarehe ya kwanza ya mtihani wa kila kozi unayoitaka, na kama mhadhiri anakubali kuwatahini wanafunzi wa kubadilishana mapema, mwisho wa Desemba. Wapo wanaokubali. Wapo pia wasiotaka hata kusikia. Kozi nzuri ambayo mtihani wake wa kwanza ni katikati ya Februari iache, hata kama jina lake linapendeza. Pili, pata barua ya msajili wa taaluma wa chuo chako inayokuruhusu kuripoti muhula wa pili kwa kuchelewa, ikitaja tarehe, na ikisema majaribio ya katikati ya muhula utakayoyakosa yatafanywaje. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mhadhiri anayekupenda haitoshi. Anaweza kuhamishwa, akaenda likizo, au akasahau tu.

Utaambiwa na wengine: basi nenda muhula wao wa pili, Februari hadi Julai. Kwa fani yako siwezi kukushauri hivyo. Utakosa muhula wa Januari hadi Aprili wote, kisha Mei na kuendelea ndio wakati wenzako wanakwenda atachimenti, mafunzo ya kazini, kwenye hoteli za Diani na Watamu. Mwanafunzi wa historia anaweza kuvumilia mpango huo. Wewe wa utalii utakuwa umekosa vitu viwili kwa safari moja.

Sasa karatasi yenyewe. Inaitwa mkataba wa masomo, na hutiwa saini na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Una majedwali mawili. Jedwali A linaorodhesha kozi utakazosoma kule. Jedwali B linaorodhesha uniti za huku ambazo kozi hizo zitachukua nafasi yake. Jedwali A wanafunzi hulijaza kwa shangwe. Jedwali B hulijaza mbiombio, au mkuu wa idara hutia saini likiwa nusu tupu akisema tutaangalia ukirudi. Usikubali hilo hata kidogo. Ukirudi, aliyesema anaweza kuwa si mkuu wa idara tena.

Ulaya huhesabu masomo kwa kredi, 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula. Waitaliano wanaziita CFU lakini thamani ni ileile: kredi moja ni kama saa 25 za kazi yote, darasani na nje ya darasa, kwa hivyo kozi ya kredi 6 ni saa 150 za jasho lako. Muhula mzima ni kozi tano za namna hiyo. Wewe huku huenda unabeba uniti saba. Tano dhidi ya saba: hesabu haitaki kukaa ukijaribu kuoanisha moja kwa moja, na ndipo wengi hukwama.

Fanya hivi. Chukua mtaala wako wa mwaka wa tatu, uutandaze mezani, na kalamu za rangi mbili. Kwa rangi moja weka alama uniti ambazo haziwezi kusomwa popote ila Kenya. Sheria na sera za utalii za Kenya, kwa mfano. Hiyo hakuna profesa wa Italia atakayekufundisha. Kwa rangi nyingine weka alama zinazosomwa dunia nzima: masoko ya utalii, uhasibu wa hoteli, utalii endelevu, tabia ya mteja, takwimu. Hizi za pili ndizo za kwenda nazo. Kozi moja ya Italia ya kredi 9 inaweza kufunika uniti mbili ndogo za huku ikiwa maudhui yanagusana, na mkuu wa idara anaweza kukubali, lakini sharti umpelekee maelezo kamili ya kozi, mada kwa mada na vitabu vyake. Kichwa cha kozi peke yake hakimwambii kitu. Maelezo hayo huwa wazi kwenye tovuti za vyuo vyao, mara nyingi kwa Kiitaliano na Kiingereza.

Zile za rangi ya kwanza utazisoma ukirudi, pamoja na darasa la nyuma yako. Hapa uliza swali ambalo watu husahau: uniti hiyo hufundishwa kila muhula au mara moja kwa mwaka? Kama ni mara moja, na ni ya lazima, na hufundishwa Septemba, basi kuikosa mwaka huu ni kuingoja hadi Septemba ijayo, ukiwa mwaka wa nne. Yawezekana kabisa, mradi ratiba ya mwaka wa nne haigongani nayo. Angalia sasa hivi, ratiba ya mwaka huu iko kwenye ubao wa idara.

Alama nazo zataka makubaliano ya mapema. Italia mtihani hupewa alama kati ya 18 na 30. Chini ya 18 umeanguka. 30 ni kilele, na juu yake kuna sifa ya ziada wanayoiita lode. Ukichukua 18 ukaigawa kwa 30 unapata asilimia 60, ambayo kwetu ni B, na kule ni kupenya kwa tundu la sindano. Vyuo vingine vya huku hubadilisha alama kwa jedwali, vingine huandika tu kwamba umefaulu na kuziacha nje ya wastani. Uliza chuo chako kinafuata lipi, upate jibu la maandishi, uliambatanishe na mkataba. Binafsi nafikiri kwa mwanafunzi mwenye wastani mzuri ni salama zaidi alama za nje zisiingie kwenye wastani, kwa sababu mtihani wenyewe ni wa aina nyingine kabisa.

Na hili nataka uliweke akilini. Huku umezoea majaribio ya asilimia 30 na mtihani wa mwisho wa asilimia 70, vyote kwa maandishi. Kule kozi nyingi alama zake zote ziko kwenye mtihani mmoja, na mwingi ni wa mdomo. Unakaa mbele ya profesa na msaidizi wake, mlango wazi, wenzako wamekaa nyuma wanasikiliza wakingoja zamu. Anakuuliza swali moja pana, anakukatiza, anauliza lingine, na baada ya dakika kama ishirini anakutajia alama papo hapo. Unaweza kuikubali. Unaweza pia, katika vyuo vingi, kuikataa kwa adabu na kurudi tarehe nyingine. Mtoto wa Lamu aliyelelewa kutomkazia macho mtu mzima anapozungumza naye huona haya, akajibu kwa sentensi mbili akanyamaza. Profesa akadhani hajui. Jizoeze kabla ya kwenda. Mwombe mwenzako akuulize, nawe uzungumze dakika tano mfululizo juu ya mada moja bila karatasi. Ukoo wako umejaa watu wanaojua kuhadithia. Ni kipaji hichohicho.

Jambo jingine la huku, kisha tuvuke bahari. Usiombe kuahirisha masomo. Karani anaweza kukuambia jaza fomu ya kuahirisha ndio rahisi. Ukiahirisha, muhula ule huhesabiki kuwa mwanafunzi, na mambo mawili huyumba: mkataba wako wa masomo, unaosema umetoka kama mwanafunzi hai wa chuo hiki, na mkopo wako wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama unao. Mwanafunzi wa kubadilishana hubaki amesajiliwa na kulipa karo ya kwao kama kawaida. Ndiyo sababu chuo cha Italia hakimtozi karo. Jisajili muhula huo, na hakikisha faili lako linasema uko kwenye mpango wa kubadilishana.

Lugha. Sisi wa Malindi tunajidanganya kwamba Kiitaliano tunakijua kwa sababu kimejaa mjini, kuanzia sokoni hadi ufuoni. Waitaliano wako nasi tangu miaka ya sitini, walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti kule Ngomeni; satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Lakini Kiitaliano cha kuuza vinyago hakikutoshi kwenye mhadhara wa uhasibu. Kozi za Kiingereza katika vyuo vyao ziko nyingi zaidi kwenye uzamili kuliko shahada ya kwanza, kwa hivyo usifikirie tu. Angalia lugha ya kila kozi uliyoichagua. Hata kama zote tano ni za Kiingereza, jifunze Kiitaliano miezi hii saba. Mwenye nyumba, karani wa posta na muuza nyama hawatakuzungumzia Kiingereza. Ukipita Malindi, wapo wazee wa Kiitaliano waliostaafu hapa ambao watafurahi kupiga gumzo na binti anayekwenda kusoma kwao, ila nenda na ndugu yako, nawe unajua kwa nini nasema hivyo.

Kuhusu yule bwana wa shilingi 80,000: usimpe hata mia. Mpango wa kubadilishana hauna wakala. Chuo chako kinakuteua, chuo chao kinakuandikia barua, wewe unaomba viza mwenyewe. Hakuna mlango wa katikati wa kulipia. Ulisikia yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu, waliolipa fedha nyingi kupitia mpango wa kaunti wapeleke watoto Finland na Canada, wengi wa watoto wakabaki nyumbani na mambo yakaishia mahakamani. Ule ulikuwa mpango wa kujilipia, si kama wako, lakini funzo la risiti ni moja. Na huyo wako atakachokufanyia ni kujaza fomu unayoweza kuijaza kwa simu.

Fedha utahitaji, lakini si hapo. Erasmus+ humpa mwanafunzi anayeingia Ulaya kutoka nchi kama yetu kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na nchi anayokwenda, na nauli huwekewa kiwango chake kwa umbali. Zinatosha kuishi kwa kiasi katika miji mingi, Milano zitakubana. Tatizo ni wakati. Malipo ya kwanza mara nyingi huingia baada ya kufika na kukamilisha makaratasi, pengine wiki kadhaa, na sehemu fulani hubakizwa hadi mwisho. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja au zaidi. Kwa maoni yangu usiondoke bila euro 1,200 za kwako. Euro ikihesabiwa kwa shilingi 150, hizo ni kama shilingi 180,000. Andika chuo cha kule uulize waziwazi: fedha ya kwanza inaingia lini, na je, tiketi mnanunua nyinyi au nanunua mimi nirudishiwe? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama familia ifanye mchango au la. Mkifanya mchango, semeni ni mkopo wa miezi mitatu, kwa sababu ndivyo ulivyo. Dhahabu ya mama ikae sandukuni.

Pasipoti. Omba leo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa alama za vidole na picha itakubidi ufike mwenyewe ofisi ya Uhamiaji. Kabla hujalipa, panga mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na barua ya uteuzi, usome jina lako herufi kwa herufi. Huku kwetu jina moja lina sura nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad; Swaleh na Saleh; Fatma na Fatuma; na babu aliyeandikwa kwenye hati moja akaachwa kwenye nyingine. Kwa karani wa Lamu ni mtu yuleyule. Kwa ofisa wa viza ni watu wawili. Palipo na tofauti ndogo, hati ya kiapo mbele ya wakili husaidia. Palipo na tofauti kubwa, rekebisha hati yenyewe, na hiyo hula miezi. Baada ya pasipoti kutoka, mtumie mratibu wa Italia nakala ili barua ya mwaliko iandikwe kama ilivyo kwenye pasipoti.

Viza ya masomo ya zaidi ya siku 90 hutolewa Nairobi. Malindi kuna ofisi ya heshima ya ubalozi wa Italia, lakini viza yako haitoki pale. Watataka barua ya mwaliko, barua ya chuo chako, uthibitisho wa ufadhili, mahali pa kulala, bima ya afya, taarifa ya benki, na tiketi uliyoiwekea nafasi. Nasema kuiwekea nafasi: usinunue kabla ya viza. Kutoka Lamu hadi Nairobi unajua mwenyewe ni mashua hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Mombasa, kisha treni au basi tena, kwa hivyo nenda mara moja ukiwa na kila karatasi, asili na nakala.

Na jihadhari na Agosti. Waitaliano mwezi huo hufunga. Tarehe 15 ni sikukuu yao ya Ferragosto, na wiki kabla na baada yake hutapata mtu wa kujibu barua pepe chuoni. Ukikosa karatasi moja tarehe 10 Agosti, utaipata Septemba, masomo yakikaribia kuanza. Lenga kuwasilisha ombi la viza Juni, au Julai mapema ukichelewa sana.

Sasa mama. Mwambie nimemwamkia, na maswali yake ni ya mtu anayejua mambo.

Utakaa na nani? Omba kwanza chumba kwenye hosteli ya chuo. Fomu huwa na tarehe ya mwisho, na wageni wengi huipita bila kujua. Usipopata, tafuta nyumba ya wanafunzi ya kugawana. Ni kawaida kabisa kule tangazo kusema solo ragazze, yaani wasichana tu, kwa hivyo hilo si ombi la ajabu. Uliza kama kodi imejumlisha maji, umeme na hasa joto la nyumba, maana Desemba bili ya joto inaweza kukushtua. Na usitume amana kwa chumba ambacho hakuna mtu unayemwamini aliyekiona. Tangazo la chumba kizuri, bei ya chini, mwenye nyumba yuko safarini na anataka fedha kwanza: huo ni wizi, kila mwaka. Bora ulipie hosteli ya muda wiki mbili za mwanzo, utafute ukiwa pale.

Utakula nini? Utapika. Maduka ya nyama halali ya Wamoroko na Wabangladeshi yako karibu kila mji wenye chuo, na ndiyo hayohayo yenye mchele, bizari na unga. Kwenye mkahawa wa chuo samaki na mboga zipo, ila uliza: nguruwe huingia hata mahali usipomtarajia. Ukiwa mkoa wa Emilia-Romagna, mkate wao wa piadina hukandwa mara nyingi kwa mafuta ya nguruwe, nao kwa macho hauna tofauti na chapati. Swali ni moja tu: c'è strutto? Yaani, kuna mafuta ya nguruwe?

Swala itakubidi uipangie, kwa kuwa kaskazini, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika arobaini. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana mchana mmoja mfupi, na zote zinaweza kukukuta darasani. Tazama ratiba mapema ujue chumba gani kiko wazi. Miskiti ya wazi kama ule mkubwa wa Roma, uliofunguliwa 1995, ni michache. Kwingi ni kumbi za kawaida zisizo na mnara, utazijua kwa kuuliza kwenye yale maduka ya nyama. Mtandio hauna tatizo chuoni wala kwenye picha ya pasipoti, mradi uso uonekane wote. Ninja, yaani nikabu, iache nyumbani; sheria yao ya 1975 inakataza kuficha uso hadharani bila sababu ya kukubalika, na sitaki ukabishane na askari.

Koti la baridi nunua mitumba ya Kongowea. Makoti mazito hapo hayana soko, kwa sababu nani atalivaa Mombasa? Viatu visivyopitisha maji nunua kule.

Ukishafika, lililo la haraka ni kibali cha kukaa, permesso di soggiorno. Una siku nane za kazi tangu kuingia. Unakwenda posta, si kila posta bali yenye dirisha la Sportello Amico, unapewa bahasha ya fomu, unabandika stempu ya euro 16 inayouzwa kwenye maduka ya tumbaku, na jumla ya gharama hukaribia euro 120. Unapewa risiti yenye tarehe ya kwenda polisi kwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kutoka ukiwa umeshafunga mizigo ya kurudi, hilo lisikunyime usingizi. Risiti pamoja na pasipoti ndizo zinazokulinda. Ila viza yako ikiisha na una risiti tu, usitalii Ufaransa wala Ujerumani.

Kabla hujatoka Kenya, hakikisha pia laini yako ya simu itapokea ujumbe ukiwa nje. Namba za siri za benki, HELB na eCitizen zote huja hapo, na kuzikosa ukiwa mbali ni adhabu.

Wiki zako za mwanzo kozi moja au mbili zitabadilika. Ratiba hugongana, au kozi imefutwa. Mkataba wa masomo unaruhusu kubadilisha, lakini mabadiliko hayo nayo lazima yatiwe saini upya na pande zote tatu, idara yako ikiwamo. Ni hapa jedwali B huharibika kimyakimya: mwanafunzi anabadilisha kozi kule, huku hakuna anayejua.

Wiki ya mwisho kule, usiondoke bila cheti cha kuthibitisha tarehe za kukaa kwako, kilichotiwa saini na muhuri, maana ile sehemu ya fedha iliyobakizwa hutolewa kwa hicho. Transkripti yako chuo cha Italia kinatakiwa kuitoa ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutangazwa. Waulize wataituma kwa nani, kwa jina na anwani ya barua pepe, na waombe nakala ije kwako pia. Ikifika, ipeleke idarani wewe mwenyewe ikiwa imeambatanishwa na mkataba na mabadiliko yake yote, uache nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki mbili urudi kuangalia kama uniti zimeingia kwenye mfumo.